Uchunguzi wa titi kwa sindano nyembamba

Uchunguzi wa titi kwa sindano nyembamba ni njia ya kitabibu ya kuchukua seli kutoka kwenye uvimbe wa titi kwa sindano ndogo, ili zitazamwe kwa hadubini na kusaidia kujua kama uvimbe huo ni saratani au la. Katika fomu za hospitali huandikwa mara nyingi kwa kifupi FNA au FNAC. Elimu ya kusoma magonjwa kupitia seli huitwa sitolojia, na daktari anayezisoma seli hizo huitwa mwanapatholojia.

Njia hii ni ya haraka, ina gharama ndogo na haiachi kidonda cha kushonwa. Kwa sababu hiyo hutumika katika nchi nyingi, hasa pale ambapo vifaa vya kuchukulia kipande cha tishu ni vichache. Hata hivyo jibu lake halisimami peke yake. Hulinganishwa na yale ambayo daktari ameyahisi kwa mkono na yale yaliyoonekana kwenye picha za titi. Sindano ikisema "hakuna saratani" ilhali uvimbe wenyewe bado unatia shaka, uchunguzi haujaisha.

Kwa nini hufanyika

Saratani ya matiti ni saratani inayowapata wanawake wengi zaidi duniani kuliko saratani nyingine karibu zote. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo na watu 670,000 walifariki kwa sababu yake. Wanaume pia huipata, lakini ni takriban asilimia 0.5 hadi 1 tu ya wagonjwa wote.

Pamoja na hayo, uvimbe mwingi unaopatikana kwenye titi si saratani. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuusababisha ni:

- fibroadenoma, yaani uvimbe mgumu kiasi unaoteleza chini ya vidole, ambao huwapata hasa wasichana na wanawake vijana;
- kifuko chenye maji ndani ya titi;
- jipu la titi, hasa kwa mama anayenyonyesha;
- mafuta ya titi yaliyokufa baada ya kugongwa au kufanyiwa upasuaji;
- mabadiliko ya titi yanayofuata mzunguko wa hedhi;
- kifua kikuu cha titi, ambacho si cha kawaida lakini huonekana katika nchi zenye wagonjwa wengi wa kifua kikuu.

Daktari mzoefu anaweza kukisia kwa kupapasa, lakini mkono peke yake unaweza kudanganya. Kifua kikuu cha titi, kwa mfano, kinaweza kuwa kigumu na kuvuta ngozi kama saratani. Kwa upande mwingine, aina moja ya saratani hulifanya titi liwe jekundu, lenye joto na lililovimba, hata likadhaniwa kuwa na jipu, na mgonjwa akapewa dawa za kuua bakteria kwa wiki nyingi. Kwa hiyo kabla ya kukata titi, kuanza tibakemikali au kumwambia mgonjwa arudi nyumbani kwa amani, seli au tishu zinapaswa kutazamwe moja kwa moja kila uvimbe unapotia shaka.

Historia

Kutoboa uvimbe kwa sindano ili kujua kilichomo ndani kulijaribiwa na madaktari wachache wa Ulaya katika karne ya 19. Moja ya mifano ya mwanzo ya karne ya 20 ilitoka Afrika Mashariki. Mwaka 1904 madaktari wa jeshi la Uingereza Greig na Gray, waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa malale nchini Uganda, walieleza jinsi walivyovuta majimaji kutoka kwenye tezi za shingo zilizovimba na kuona ndani yake vimelea vya malale. Kazi hiyo haikuhusu saratani, lakini mara nyingi hutajwa katika historia ya uchunguzi wa seli kwa sindano.

Kwa upande wa saratani, hatua kubwa ilichukuliwa katika Memorial Hospital mjini New York. Mwaka 1930 daktari wa upasuaji Hayes Martin na mwenzake Edward Ellis walichapisha makala kuhusu kuvuta seli za uvimbe kwa sindano na bomba lake. Sindano yao, ya geji 18, ilikuwa nene kuliko zinazotumika leo. Mwanapatholojia wa hospitali hiyohiyo, Fred Stewart, alichapisha uzoefu wake wa kusoma sampuli hizo mwaka 1933. Hata hivyo njia hiyo haikuenea haraka nchini Marekani. Wanapatholojia wengi walizoea kusoma kipande kizima cha tishu, na wengine waliogopa kwamba sindano ingesambaza saratani.

Njia hii ilipata sura yake ya sasa nchini Uswidi kuanzia miaka ya 1950. Katika taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, Sixten Franzén, Josef Zajicek na wenzao walitumia sindano nyembamba zaidi na rangi zilizozoeleka katika uchunguzi wa damu. Franzén alibuni pia mshikio unaomwezesha daktari kuvuta bomba kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiushika uvimbe. Mwaka 1968 Franzén na Zajicek walichapisha tathmini ya sampuli 3,479 za uvimbe wa titi uliohisika kwa mkono. Kutoka hapo njia hiyo ilienea sehemu nyingi za dunia. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Institut Curie mjini Paris walionyesha kwamba seli zinaweza kupatikana hata bila kuvuta bomba, kwa sababu hupanda zenyewe ndani ya tundu jembamba la sindano inaposogezwa ndani ya uvimbe.

Kuanzia miaka ya 1990, nchi nyingi tajiri zilihamia kwenye sindano nene inayokata kipande cha tishu. Sindano nyembamba iliendelea kutumika kwa kazi maalumu, na katika nchi zenye rasilimali chache imebaki kuwa kipimo cha kila siku.

Utaratibu

Kabla ya sindano

Inapowezekana, picha za titi hupigwa kwanza, kwa altrasaundi au mamografia. Sababu yake ni kwamba sindano inaweza kuvujisha damu kidogo ndani ya titi, na damu hiyo ikaivuruga picha itakayopigwa baadaye. Mgonjwa huulizwa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Huulizwa pia kama ni mjamzito au ananyonyesha. Swali hili lina uzito wake: seli za titi linalotengeneza maziwa huwa na viini vikubwa na hufanya kazi nyingi, na msomaji asiyejua hali hiyo anaweza kuziona kuwa za kutilia shaka.

Kuchukua seli

Mgonjwa hulala chali, mara nyingi akiwa ameweka mkono wa upande unaochunguzwa nyuma ya kichwa. Ngozi husafishwa kwa dawa. Daktari huushika uvimbe kati ya vidole viwili ili usikimbie, kisha huingiza sindano ya geji 22 hadi 25. Katika sindano, namba ya geji ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba zaidi. Hizi zina upana chini ya milimita 1, na kwa kawaida ni nyembamba kuliko sindano inayotumika kutoa damu kwa vipimo. Ndiyo maana mara nyingi ganzi haitumiki, ingawa baadhi ya madaktari huitoa.

Sindano ikiwa ndani, bomba huvutwa kidogo na sindano husogezwa mbele na nyuma kwa kasi, kuelekea pande mbalimbali za uvimbe. Kabla ya kuitoa, mvuto huachiliwa, la sivyo seli chache zilizopatikana zitaingia ndani ya bomba na itakuwa vigumu kuzitoa. Kila mchomo huchukua sekunde chache, na kwa kawaida hufanyika zaidi ya mmoja. Mwishoni sehemu hiyo hugandamizwa kwa pamba dakika kadhaa.

Uvimbe usiohisika kwa mkono huchomwa kwa kuongozwa na altrasaundi, ambapo ncha ya sindano huonekana kwenye skrini. Njia hiyohiyo hutumika kuchunguza tezi za limfu za kwapani ili kujua kama saratani imefika huko.

Ikiwa kilichomo ni maji, huvutwa yote. Maji ya njano au ya kijani yasiyo na damu, na uvimbe ukatoweka kabisa, kwa kawaida ni dalili njema. Maji yenye damu hupelekwa maabara. Ikiwa kinyama kimebaki baada ya maji kutoka, au uvimbe umejaa tena, uchunguzi huendelea.

Katika maabara

Tone la sampuli huwekwa kwenye slaidi ya kioo na kupakazwa liwe utando mwembamba. Baadhi ya slaidi hutumbukizwa mara moja katika alkoholi kisha hutiwa rangi ya Papanicolaou, inayoonyesha vizuri viini vya seli. Nyingine huachwa zikauke hewani na kutiwa rangi za jamii ya Giemsa. Slaidi ya alkoholi ikicheleweshwa na kukauka, umbo la viini huharibika na kusoma huwa kugumu. Jina na namba ya mgonjwa huandikwa kwenye slaidi palepale, kwa sababu slaidi mbili zikibadilishana wenyewe, wagonjwa wawili hupata majibu yasiyo yao.

Katika vituo vingine slaidi moja hutiwa rangi ya haraka mgonjwa akiwa bado yupo. Ikionekana kuwa seli ni chache, huchomwa tena siku hiyohiyo badala ya kurudishwa baada ya wiki. Seli zinazobaki kwenye sindano zinaweza kusuuzwa, kukusanywa na kuwekwa ndani ya nta ya parafini, zikakatwa kama tishu. Hiyo huitwa bloku ya seli, na huruhusu vipimo vya ziada.

Kinachotazamwa

Seli za titi zisizo za saratani hushikamana katika makundi yenye mpangilio. Kati yake na pembeni huonekana viini vidogo vya mviringo mrefu, ambavyo ni vya seli zinazozunguka mirija ya maziwa. Seli za saratani kwa kawaida ni nyingi na hazishikani vizuri, hivyo huonekana moja moja. Viini vyake ni vikubwa, havilingani ukubwa wala umbo, na vile viini vidogo vya pembeni havipo. Mwanapatholojia hatoi uamuzi kwa alama moja tu, bali kwa jinsi alama zote zinavyokubaliana.

Madaraja ya majibu

Ili daktari wa wodini na mwanapatholojia waelewane, majibu hupangwa katika madaraja matano. Uingereza hutumia alama C1 hadi C5. Mfumo wa kimataifa uitwao Yokohama, uliochapishwa na Chuo cha Kimataifa cha Sitolojia, una madaraja yanayofanana na hayo:

1. Sampuli haitoshi. Seli ni chache mno au zimeharibika. Jibu hili halimaanishi kwamba hakuna saratani. Maana yake ni kwamba swali bado halijajibiwa, na kipimo kinapaswa kurudiwa au kubadilishwa.
2. Si saratani. Seli zinaonyesha hali ya kawaida au ugonjwa usio wa saratani, kama fibroadenoma au jipu.
3. Seli si za kawaida. Nyingi zinafanana na zisizo za saratani, lakini kuna jambo lisiloeleweka. Kwa kawaida hufuata kurudia kipimo au kuchukua tishu.
4. Inashukiwa kuwa saratani. Dalili zipo lakini hazitoshi kuthibitisha. Kipande cha tishu huhitajika.
5. Saratani. Seli za saratani zimeonekana wazi. Hata hapa tishu huchukuliwa inapowezekana, ili kupanga tiba.

Kipimo cha pande tatu

Kanuni muhimu zaidi katika matumizi ya sindano nyembamba ni kipimo cha pande tatu. Upande wa kwanza ni historia ya mgonjwa na kupapasa titi na kwapa. Upande wa pili ni picha, kwa mamografia, altrasaundi au zote mbili. Kwa wanawake vijana altrasaundi hupendelewa, kwa sababu titi lao lina tishu nzito ambazo mamografia haizipenyi vizuri. Upande wa tatu ni seli au tishu.

Pande zote tatu zikikubaliana kwamba uvimbe si saratani, uwezekano wa kuwa saratani imefichika huwa mdogo sana, na mgonjwa anaweza kufuatiliwa bila upasuaji. Upande mmoja ukipingana na mingine, ule unaotia shaka ndio unaofuatwa. Kwa mfano, mwanamke wa miaka 50 ana uvimbe mgumu unaovuta ngozi, lakini jibu la sindano ni "si saratani". Huenda sindano ilipita pembeni ya uvimbe na kuchukua seli za titi lenye afya. Hapo hatua sahihi ni kuchukua kipande cha tishu, si kumruhusu mgonjwa aende na karatasi ya jibu zuri. Mgonjwa aliyeambiwa hana saratani mara nyingi harudi mpaka uvimbe umekuwa mkubwa.

Mipaka ya njia hii

Sindano nyembamba huchukua seli bila mpangilio wa tishu zilimotoka, na mapungufu yake mengi yanatokana na jambo hilo.

- Haiwezi kwa uhakika kutofautisha saratani iliyobaki ndani ya mirija ya maziwa na ile iliyokwisha kupenya nje yake, ingawa tiba zake zinatofautiana.
- Baadhi ya saratani zinazoanzia kwenye vijumba vya maziwa huwa na seli ndogo, chache na zenye sura ya upole, hivyo zinaweza kukosekana.
- Ni vigumu kutofautisha fibroadenoma na uvimbe uitwao filode, ambao huhitaji upasuaji mpana zaidi.
- Chembe ndogo za kalsiamu zinazoonekana kwenye mamografia bila uvimbe wowote huchunguzwa vizuri zaidi kwa kipande cha tishu.
- Vipimo vya vipokezi vya estrojeni na projesteroni na vya protini ya HER2, ambavyo huamua dawa atakazopewa mgonjwa, hufanyika kwa uhakika zaidi kwenye tishu. Bloku ya seli inaweza kusaidia pale maabara inapokuwa na utaalamu huo.

Zaidi ya hayo, ubora wa jibu hutegemea sana mkono uliochoma na jicho linalosoma. Mchomaji asiye na mazoezi hutoa sampuli nyingi zisizotosha.

Tofauti na biopsi ya sindano nene

Biopsi ya sindano nene hutumia sindano ya kukata, mara nyingi ya geji 14, inayofyatuliwa na springi. Ganzi huhitajika, na ngozi hukatwa kidogo ili sindano ipite. Kinachopatikana ni vipande vyembamba vya tishu, ambavyo huwekwa katika fomalini, huingizwa kwenye nta, hukatwa na kutiwa rangi. Jibu lake huchukua siku kadhaa au zaidi, na gharama yake ni kubwa, lakini huonyesha kama saratani imepenya na hutosha kwa vipimo vya vipokezi. Kwa sababu hiyo ndiyo inayopendelewa kwa uvimbe unaotia shaka pale inapopatikana. Jibu la sindano nyembamba linaweza kupatikana siku hiyohiyo. Katika vituo vingi njia hizi mbili husaidiana: sindano nyembamba hutenganisha haraka walio salama na wanaohitaji hatua zaidi, na sindano nene huwashughulikia hao wa pili.

Madhara na hofu ya kusambaza saratani

Madhara ya kawaida ni maumivu madogo na alama ya damu iliyovilia chini ya ngozi, ambayo huisha baada ya siku chache. Baadhi ya watu huzimia kwa woga. Maambukizi ni nadra. Mara chache sana sindano inaweza kupenya ukuta wa kifua na kuingiza hewa kando ya pafu, hasa kwa mtu mwembamba mwenye uvimbe ulio ndani. Daktari hulikwepa jambo hilo kwa kuingiza sindano kwa mshazari, sambamba na kifua.

Katika jamii nyingi kuna imani kwamba saratani "ikichokozwa" kwa sindano au kisu husambaa na kuua haraka. Ni kweli kwamba seli chache zinaweza kubaki katika njia ya sindano, lakini uvimbe kuota tena katika njia hiyo ni jambo la nadra sana kwenye titi, na haijathibitika kwamba sindano nyembamba hupunguza maisha ya mgonjwa. Imani hiyo mara nyingi hutokana na kwamba wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshaenea. Kifo kinapofuata baada ya kipimo, lawama huangukia sindano, wakati kilichomdhuru mgonjwa ni muda uliopita kabla ya kuchomwa.

Hali katika Afrika Mashariki

Wanapatholojia katika nchi za Afrika Mashariki ni wachache kulingana na idadi ya watu, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Hospitali za rufaa kama Muhimbili mjini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando mjini Mwanza, Kenyatta mjini Nairobi na Mulago mjini Kampala zina huduma za patholojia. Mgonjwa wa wilayani hulazimika kusafiri, au sampuli yake husafirishwa. Hapa sindano nyembamba ina faida yake: slaidi zilizokaushwa ni nyepesi, haziozi, na zinaweza kutumwa mbali kwa gharama ndogo.

Faida hiyo hupotea ikiwa jibu halimfikii mgonjwa. Mwaka 2021 WHO ilianzisha mpango wa kimataifa dhidi ya saratani ya matiti wenye malengo matatu: angalau asilimia 60 ya saratani zilizopenya zigunduliwe zikiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, utambuzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwenye huduma, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wakamilishe tiba yao. Lengo la pili ndilo linalohusu sindano moja kwa moja. Ndani ya siku hizo 60 kunapaswa kuingia kupapasa, picha, seli, tishu inapohitajika, na mgonjwa kupewa jibu akalielewa. Kwa hiyo ni vema mgonjwa ajue jibu lake liko katika daraja lipi, na kama linakubaliana na picha zake.

Tazama pia

- Saratani ya matiti
- Biopsi
- Mamografia
- Altrasaundi
- Patholojia